Shelisheli: nani alifika, na alifikaje

Nyumbani kwetu Ramadhani haipiti bila chungu cha shelisheli la nazi. Bibi alikuwa akilimenya, akilikata vipande, anaweka tui la kwanza mwisho kabisa, na ole wako ukoroge kwa pupa likavurugika. Nilikua nikijua ni chakula chetu, basi. Ukubwani ndipo nikaambiwa jina lake limetoka kwenye nchi ya visiwa iliyoko huko mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi. Nikajivunia kidogo. Halafu nikasoma kwamba hata huko shelisheli ni mgeni, kwao hasa ni visiwa vya Pasifiki, lilisafirishwa kwa meli. Nilicheka peke yangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mfuatiliaji wa nchi ya Shelisheli, ingawa sijaikanyaga. Na nina ugomvi na picha zake. Tafuta jina hilo kwenye simu yako, utaletewa mchanga mweupe, mawe makubwa yaliyolainika na maharusi walioshikana mikono. Sisi watu wa pwani mchanga mweupe si habari. Upo Paje, upo Watamu, upo mwingi tu. Ningepewa kazi ya kuitangaza nchi ile, ufukwe ningeuweka ukurasa wa mwisho.

Ningeanza na yale mawe wanayoegemea maharusi. Visiwa vilivyo katikati ya bahari kwa kawaida huwa vya namna mbili: vimetapikwa na volkano, kama Komoro na Réunion, au vimejengwa na matumbawe, kama Maldivi. Mahé, Praslin na La Digue, visiwa vikuu vya Shelisheli, si volkano wala matumbawe. Ni granaiti, mwamba wa bara, wenye umri wa miaka milioni 750 hivi. Ni kibanzi cha lile bara kuu la kale, Gondwana, kilichoachwa baharini India ilipojitenga na kuelekea kaskazini, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mlima Morne Seychellois, wenye mita 905, ni kilele cha nchi ambayo sehemu yake kubwa imezama.

Shahidi wa habari hiyo ni chura. Chura hawezi bahari. Ngozi yake inapitisha chumvi, na mayai yake ndiyo usiseme. Ndiyo maana visiwa vya mbali aghalabu havina chura wa asili. Lakini kwenye misitu yenye ukungu ya Mahé na Silhouette kuna chura mwenye urefu wa sentimita moja tu na ushei, anayeweza kukaa juu ya ukucha wako na nafasi ikabaki. Hana sikio la kati, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba anasikia kwa mdomo: sauti inagonga uwazi wa kinywa na kupita kwenye mifupa mpaka sikio la ndani. Hana hatua ya kiluwiluwi. Anataga kwenye majani yenye unyevu, na vinatoka vyura vidogo kamili. Ndugu zake wa karibu zaidi duniani wako India, kwenye milima ya Ghats Magharibi. Huyu hakufika Shelisheli kwa njia yoyote. Alikuwamo ndani ya nyumba ilipokatika.

Wengine wengi ilibidi wasafiri, na hapo ndipo upepo unapoingia. Hali ya hewa ya huko mtu wa pwani haimpi taabu. Kusi inavuma kuanzia Mei hadi Oktoba, kavu na ya ubaridi kidogo. Kisha upepo unageuka, na kuanzia Desemba hadi Machi ni joto, unyevu na mvua za kumwaga. Joto halitoki sana kati ya nyuzi 24 na 32. Visiwa vikuu viko karibu mno na ikweta kupigwa na vimbunga. Farquhar, kule kusini, haina bahati hiyo. Aprili 2016 kimbunga Fantala kiliichakaza.

Aldabra nayo iko upande wetu. Ni kisiwa cha matumbawe yaliyoinuka, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kiasi kwamba kiko karibu zaidi na Tanzania kuliko na mji mkuu wake mwenyewe, Victoria. Ndiko kwenye makobe wakubwa wapatao 100,000, wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Wale makobe wa Changuu, Unguja, wenye namba za umri zilizopakwa rangi mgongoni, ni wa ukoo huo. Wanne walitolewa zawadi na gavana wa Shelisheli mwaka 1919. Mara ya mwisho nilipokwenda, mmoja alininyang'anya mchicha mkononi kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mzee, akatafuna macho yamefumba nusu, maji ya kijani yakimchuruzika kidevuni.

Lakini yuko mwingine aliyekuja bila zawadi ya gavana. Desemba 2004 kobe wa Aldabra alitoka majini Kimbiji, Kigamboni. Kobe, si kasa! Miguu yake ilikuwa imeota wale viumbe wadogo wa magamba wanaong'ang'ania mitumbwi, dalili kwamba alikuwa ameelea wiki kadhaa, akivuka kilomita zaidi ya 700. Alikuwa amekonda, lakini anatembea. Kobe anaelea, anainua shingo apumue, na anaweza kukaa miezi bila kula. Hivyo ndivyo babu zake walivyofika visiwani. Na uvumilivu huohuo ndio uliowaponza: mabaharia walipogundua kwamba kobe haozi wala hadai chakula, waliwapakia kwenye ngama za meli kwa maelfu, nyama mbichi ya safari nzima.

Kuna na ndege. Ukoo mmoja wa kukuziwa uliruka kutoka Madagaska ukatua Aldabra, ukakuta hakuna wa kuwafukuza, na polepole ukaacha kuruka. Miaka 136,000 hivi iliyopita bahari ikapanda, kisiwa kikazama, wote wakafa. Maji yaliposhuka, ndege wa ukoo uleule wakaja tena kwa mabawa, wakaacha tena kuruka. Visukuku vya kabla na baada ya mafuriko vinaonyesha hivyo. Watafiti walilitangaza jambo hilo mwaka 2019. Leo ndiye ndege pekee asiyeruka aliyebaki Bahari ya Hindi. Dodo wa Morisi alishakwenda zamani.

Watu tulikuja mwisho. Wafaransa walileta makazi mwaka 1770, pamoja na watumwa, panya na paka. Baadaye Waingereza walishusha Mahé zaidi ya watu elfu mbili waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa ya pwani yetu, kisha wakavigeuza visiwa kuwa jela isiyohitaji ukuta. Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903. Kabalega wa Bunyoro alikaa zaidi ya miaka 20. Hata Khalid bin Barghash, sultani wa Zanzibar wa siku mbili tatu za mwaka 1896, alipitia huko.

Panya na paka walifanya kazi yao kimya kimya. Ndege ambaye kwa vizazi elfu hajawahi kuona mnyama wa meno anataga chini na kumtazama paka kama anavyotazama jiwe. Kufikia mwaka 1968 palikuwa na kandege kamoja ka kahawia ambako hakukubaki hata 30 duniani kote, wote kwenye kisiwa cha Cousin, ambacho kina ukubwa wa shamba la mtu na hakina panya. Kisiwa kikanunuliwa na watu wa hifadhi ya ndege. Walichofanya kinanifurahisha kwa wepesi wake: waliiondoa minazi ya biashara, wakaacha msitu wa asili ujirudie. Sasa wako maelfu, na wengine wamehamishiwa visiwa vingine.

Basi nikisikia mtu anasema "visiwa vya mbali, havijaguswa", nakumbuka kandambili. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walikaa wiki tano Aldabra wakiokota taka, kisiwa ambacho hakina mji wala soko, kina kituo cha utafiti tu. Waliondoa tani 25. Nyingi zilikuwa nyavu na kamba za meli za uvuvi, lakini kandambili nazo zilijaza magunia. Makadirio ni kwamba zaidi ya tani 500 bado zimebaki. Kobe aliyechukua maisha yote kujifunza njia za kisiwa chake sasa anapanda juu ya ndala za mguu wa kushoto.

Na kilomita 27 tu kutoka hapo, kwenye kisiwa cha Assomption, ulianza ujenzi wa hoteli ya kifahari. Najua nchi inahitaji fedha. Watu wake ni laki moja na kidogo, na utalii na jodari ndivyo vinavyowalisha. Lakini Assomption hiyohiyo iliwahi kuletewa shorewanda wa kigeni, wakazaana. Mwaka 2012 mmoja akaonekana Aldabra, ikabidi asakwe mpaka apigwe, na kuwamaliza wote waliobaki Assomption kukachukua miaka. Huyo ni ndege mmoja, tena wa kuonekana na kusikika. Shehena ya saruji na mbao inaweza kubeba panya, sisimizi na mbegu ambazo hakuna atakayezisikia. Ningekuwa na kura pale, ningesema hapana, hoteli ijengwe Mahé.

Nikijaliwa kwenda, nitapanda Morne Seychellois siku ya mvua, nichutame kwenye majani nimsikilize yule chura wa ukucha. Mke wangu ameshasema wazi: yeye atanisubiri ufukweni.