Kabla hujanunua mashini ya kusafisha maji, kisima chako kimepimwa na nani?

Juzi khalati yangu wa Langoni, hapa Lamu, kanitumia picha kwa WhatsApp, glasi mbili juu ya meza. Moja maji meupe pe, nyingine rangi ya kahawia, mapovu juu na tope linaelea, mi nikadhani kuna mtu kateka mtaroni. Chini kaandika: "Haya ya pili ndiyo tunywayo sisi, mwanangu." Halafu ikafuata sauti ndefu ya malalamiko mpaka nikaketi.

Kumbe walipita vijana wawili watanashati, shati zimepigwa pasi, begi mkononi na kifaa cha kuchomeka kwa umeme. Wakaomba glasi ya maji ya kisima, ya pili wakajaza kwa chupa waliyokuja nayo wenyewe, wakatumbukiza vyuma vyao kwenye zote mbili, wakawasha. Maji ya kisima yakageuka tope mbele ya macho yake, ya kwao yakabaki meupe. "Hii ndiyo sumu mnayokunywa, mama." Na brosha ikatoka papo hapo, mashini ya kusafisha maji ya shilingi elfu sitini, nusu leo nusu mwisho wa mwezi.

Wallahi nimekasirika. Sio kwa khalati, maskini, mtu yeyote akionyeshwa maji yake yanavunda ndani ya glasi lazima ashtuke. Nimekasirika kwa sababu huu mchezo ni wa zamani, umezunguka dunia nzima, na bado wautembeza nyumba kwa nyumba kwa watu wazima wanaowafungulia mlango kwa heshima na kuwapa kahawa.

Lile tope halikutoka kisimani, limetoka kwenye vyuma vyao. Vijiti vile, kimoja kinakuwa cha chuma cha kawaida, na umeme ukipita ndani ya maji kile chuma kinaliwa kidogo kidogo na kuwa kutu, na kutu ndiyo hiyo rangi ya kahawia. Sasa umeme hupita kwenye maji yenye chumvichumvi na madini, na hayo ya chupa yao wameshayaondolea madini yote kwa hiyo umeme haupiti, chuma hakiliwi, glasi inabaki nyeupe. Basi. Hiyo ndiyo "sumu". Ukinunua maji ya chupa ya dukani yenye madini yake yaliyoandikwa kwenye lebo, nayo yatachafuka. Tumbukiza kwenye maji ya dafu uone, halafu waulize kama dafu nalo tuache kunywa. Na wakija kwako, usibishane nao, omba tu kutia chumvi kidogo kwenye ile chupa yao safi kisha wawashe tena. Mtaona itakavyogeuka. Kwa kawaida hapo ndipo wanakumbuka wana nyumba nyingine ya kwenda.

Maji yenye chuma kweli, yaani kutoka ardhini, hayahitaji kuchomekwa kwa umeme. Unayateka meupe, unayaacha kwenye ndoo, yakipata hewa yanageuka manjano yenyewe na nguo nyeupe zinapata madoa. Khalati hana hilo. Nguo zake nyeupe kuliko zangu.

Haya, nikubali moja, na nakubali shingo upande. Maji ya khalati yana chumvi. Kila mtu ajua, ukinywa chai kwake huhitaji kuuliza. Na hizo mashini za RO kama hiyo yao, zinazosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando mwembamba uitwao membreni, ndizo hasa zinazotoa chumvi, katika vifaa vya nyumbani hakuna kingine cha maana. Kwa hiyo inawezekana kabisa wale vijana, kwa bahati na uongo, wameangukia kwenye kifaa sahihi. Inawezekana. Lakini hawajui wao, na hajui khalati, kwa sababu hakuna aliyepima kitu. Ni kwenda duka la dawa ukasema "nipe dawa" na muuzaji akakupa ile ya bei ghali zaidi bila kuuliza waumwa wapi.

Wengine wana kile kikalamu cha TDS, wanachovya, namba inatokea, wanatingisha kichwa kama daktari. Kikalamu si uongo, tatizo ni kwamba kinajua jambo moja tu, maji yanapitisha umeme kiasi gani, na kutoka hapo kinakadiria uzito wa vitu vilivyoyeyuka. Shirika la Afya Duniani lasema chini ya miligramu 600 kwa lita ladha huwa nzuri, ikipita 1,000 watu wanaanza kukunja uso, na bahari yenyewe iko kama 35,000. Vizuri kujua. Ila kikalamu hakioni kinyesi. Chukua maji ya mvua yaliyopita juu ya bati ambalo kunguru wote wa Lamu wamefanya choo, paka nao wamelala, chovya kikalamu, kitakusomea namba ndogo kabisa, maji matamu kuliko ya hoteli. Na ndani yake mna vijidudu vya kumlaza mtu hospitali wiki.

Na hapa ndipo ninapotaka tuongee ukweli wa mji wetu, manake chumvi tunaionja lakini lililo kubwa halionjeki. Nyumba zetu zimebanana. Kisima kiko uani, shimo la choo liko ukuta wa pili, la jirani liko ukuta wa tatu, na katikati hakuna mwamba wa kuzuia, ni mchanga na matumbawe yenye matundu, maji ya chini yanapita humo bila kubisha hodi. Punda nao na samadi yao mnawajua. Mababu zetu walichimba visima hivyo wakati watu ni wachache, sasa kila nyumba imeongezwa ghorofa na kila ghorofa ina choo chake, mzigo wote unashuka palepale. Maji ya namna hiyo yanaweza kuwa meupe, baridi, hayana harufu, na samaki wadogo wanacheza ndani.

Hao samaki! Nimeambiwa mara ngapi "kisima chetu kizima, si waona samaki wahai?" Samaki wanawekwa ili wawale viluwiluwi vya mbu, na kazi hiyo waifanya vizuri, Mwenyezi Mungu awabariki. E. coli, vile vijidudu vya kinyesi, hawali. Samaki anastahimili maji ya choo kuliko wewe.

Kipimo cha kwanza basi ni hicho cha vijidudu. Kinachotakiwa ni E. coli sifuri kwa kila mililita 100, sio "kidogo", sifuri. Cha pili nitreti, ambayo nayo mara nyingi inatoka kwa vyoo na mbolea, haina rangi wala ladha, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yao inashindwa kubeba hewa. Na hapa sikilizeni vizuri nyinyi mnaosema "sisi twachemsha". Kuchemsha kwaua vijidudu, sawa, lakini nitreti haiendi popote, maji yanapungua kwa mvuke nayo inabaki ndani, inazidi kukolea. Chumvi vile vile. Kisha pima kloridi (ndiyo chumvi), ugumu wa maji (kalisiamu na magnesiamu), chuma, pH (uchachu wake), na floridi ukiweza, ingawa floridi ni balaa zaidi ya watu wa Bonde la Ufa.

Mbona nang'ang'ania? Kwa sababu kila kifaa kinatibu ugonjwa wake na hakijui wa mwenzake. Filta ya mkaa itakutolea harufu na klorini, chumvi itaiacha kama ilivyo. Taa ya UV inaua vijidudu maji yakiwa angavu, yakiwa na matope vijidudu vinajificha, na umeme ukikatika, na wajua unavyokatika, imebaki mapambo. Ile mashini ya kulainisha maji ndiyo inanichekesha kuliko zote, watu wanaambiwa "inatoa chumvi" wakati inatumia chumvi kufanya kazi, inachukua kalisiamu na magnesiamu na mahali pake inaweka sodiamu. Sabuni itatoa povu, kweli. Mzee mwenye presha anayekunywa hayo maji ameongezewa sodiamu na amelipia.

Na RO yenyewe sasa, hiyo ya elfu sitini. Maji yetu yanapita kwenye matumbawe, ni magumu, mwaona ule weupe unaoganda ndani ya buli. Weupe huohuo unaganda kwenye membreni, na membreni ikiziba hamna kuikwangua kwa kisu, ni kununua nyingine. Mtu aliyepima ugumu kabla angejua kwamba kunahitajika kitu mbele yake cha kuilinda. Asiyepima atajua baada ya miezi kadhaa, simu ya muuzaji ikiwa haipatikani. Tena usitegemee RO peke yake kuua vijidudu, mpira ukilegea au tenki lake likichafuka vijidudu vinapita.

Halafu kuna maji inayoyatupa. Mashini ndogo za nyumbani kwa kila lita moja unayokunywa zinamwaga lita kadhaa, na hizo zilizomwagwa zimebeba chumvi yote. Zinakwenda wapi? Kwa khalati zinakwenda kwenye mfereji wa uani, na mfereji wa uani unakwenda ardhini, na ardhini ndiko kisima kilipo. Kwa hiyo wavuta zaidi ili upate kidogo, na unarudisha chumvi ulikoitoa. Kisiwa hiki maji yake matamu yameelea juu ya maji ya bahari, mepesi juu mazito chini, ndiyo sababu vilima vya mchanga vya Shela ni mali kuliko ufuo wenyewe, maji ya bomba ya mji hutegemea huko. Na kuna kanuni ya Ghyben na Herzberg, ina zaidi ya miaka 100, kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake zinazoizuia bahari. Punguza hiyo mita moja kwa pampu, bahari inapata nafasi ya kupanda mita 40. Wenyeji wa Takwa, mji wa kale kwenye kisiwa jirani cha Manda, walihama karne ya 17 na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi, na wao hawakuwa hata na pampu.

Kwa hiyo majibu ya maabara yanaweza hata kukwambia usinunue mashini. Inaweza kuwa jawabu ni bati safi, tenki lililofunikwa na mvua ya masika kwa kunywa, na klorini kidogo, kisima kibaki cha kufulia na kuoshea vyombo. Watu wa Pate na Faza wamenywa kwa majabia, yaani matangi ya kukusanyia maji ya mvua, miaka nenda miaka rudi. Lakini hilo halina brosha, wala kijana wa kulileta mlangoni.

Sasa mtaniambia maabara iko wapi. Hapo mna haki na hapo ndipo ninapochoka na mimi. Sampuli ya vijidudu inatakiwa ikae kwenye baridi na ifike ndani ya saa 24, mapema zaidi ni bora, na sisi tuna boti mpaka Mokowe kisha basi la Mombasa. Yawezekana, lakini ni kwa kupanga. Chupa uichukue maabara kwenyewe, iliyosafishwa kwa joto, usiisuuze, usitumie ya soda hata uioshe mara kumi. Acha pampu ikimbie kwanza, kidole kisiguse mdomo wa chupa, funga, barafuni, uwahi basi la asubuhi. Ya madini haina haraka hiyo. Ukishindwa kabisa, muulize afisa wa afya ya umma kuhusu zile chupa ndogo zenye dawa, unatia maji, unaacha kwenye joto siku moja au mbili, yakigeuka meusi basi kuna uchafu wa kinyesi. Hazitoi hesabu kamili, ila ni bora mara mia kuliko vyuma vya kutu. Na pima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kaskazi mwezi wa tatu wakati chumvi imepanda, na tena baada ya mvua kubwa za masika wakati vyoo vimefurika, manake kisima cha Machi si kisima cha Juni.

Mtu mmoja kusafirisha chupa moja ni hasara. Nimeongea na majirani wa khalati, visima vitano, tupeleke pamoja kabla ya mwezi kuisha na nauli tugawane. Kinachokosekana ni kasha la barafu. Mwenye nalo aniandikie, ila tafadhali lisiwe lile la samaki.