Neno "afya" katika Kifungu cha 26

Kila mjadala wa utoaji mimba unapozuka nchini Kenya, huendeshwa kana kwamba Katiba imeshachagua upande, ama wa wanaosema mwanamke ana mamlaka juu ya mwili wake, ama wa wanaosema kilichomo tumboni ni mtu mwenye haki zake. Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 haikufanya hivyo. Kifungu cha 26 kinatamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kisha kinakataza utoaji mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Maaskofu wa Kanisa Katoliki na viongozi wengine wa makanisa walioipinga rasimu ile walilitilia shaka neno "afya", na shaka yao haikuwa ya kipuuzi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na mwenye kutaka kulitanua neno hilo hakosi pa kupitia. Wanauliza pia swali ambalo watetezi wa haki za wanawake hulikwepa mara nyingi: ikiwa hoja ni mwili, mbona hapa miili ni miwili?

Hata hivyo, ukikisoma kifungu hicho polepole unaona kwamba mamlaka juu ya mwili, yale yanayoogopwa na wengine na kushangiliwa na wengine, hayamo kabisa. Mwanamke hueleza, na mwingine hutoa maoni. Kilichoruhusiwa ni uamuzi wa kitabibu, na ndiyo maana kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kama huyo mhudumu anaweza kuutoa uamuzi wake bila kuogopa pingu. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa wakoloni, ambayo mizizi yake imo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, bado inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Waingereza wenyewe waliilegeza sheria yao mwaka 1967. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo mwaka 2012 ili kumwonyesha mhudumu mpaka wake, ikauondoa mwishoni mwa mwaka 2013, na mapema mwaka 2014 ikakataza hata mafunzo ya wahudumu kuhusu utoaji mimba salama.

Hapa ndipo takwimu za mwaka 2012 zinapostahili kuangaliwa upya. Utafiti ulioihusisha Wizara hiyohiyo ulikadiria kuwa mimba zipatazo 465,000 zilitolewa nchini mwaka huo, na kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyotokana na hayo. Wapinzani husema nambari ya kwanza ni ya kukisia, kwa kuwa jambo linalofanywa kwa siri halihesabiki, nami sioni sababu ya kubishana nao. Ya pili pia ni makadirio, ila chanzo chake ni wagonjwa walioonekana vitandani, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa na madhara ya wastani au makubwa. Watu hawa hawakuzuiwa na sheria, wala na mimbari. Walichokosa ni mtu aliyehitimu, wakaishia kwa waganga wa vichochoroni, kwenye sindano za kufumia na vidonge vilivyomezwa kupita kiasi. (Mwenye fedha, kama tujuavyo sote, haonekani katika hesabu hii, kwa sababu ana daktari wake.) Anayetaka kulinda uhai wa aliye tumboni anapaswa atueleze ni mimba ngapi zilizookolewa na katazo la mafunzo, maana gharama ya kukosa mhudumu aliyehitimu kwa akina mama imo katika rekodi za hospitali.

Tarehe 12 Juni 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwa mwongozo ule kulivunja haki za wanawake. Katika kesi hiyo alikuwamo mama wa msichana aliyebakwa, akatolewa mimba na mtu asiye na ujuzi, figo zake zikaharibika, akafariki mwaka 2018. Majaji waliamuru mama huyo alipwe shilingi milioni 3. Hawakutangaza uhuru wa kutoa mimba. Walisema tu kwamba mimba ya ubakaji inaweza kutolewa iwapo mhudumu aliyehitimu anaona uhai au afya ya mama imo hatarini, yaani walirudia kile ambacho Wakenya walikuwa wamekipigia kura miaka tisa kabla. Vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu havikuguswa, kwa hiyo mhudumu wa zahanati ya mashambani anayepokea mgonjwa usiku bado anapima maandishi mawili, moja likimpa ruhusa na jingine likimtishia miaka 14.