Jamani, Hiyo Haijakatika!

Ndugu zangu, nauliza kwa heshima na taadhima: katika jiji lote hili la Dar es Salaam, hakuna fundi mmoja anayeweza kuiona bawaba ya baiskeli ya kukunja, akaigusa, akaona inacheza, na asitamani kuichomelea? Mmoja tu. Anayemjua anipe namba yake.

Maana leo tena. Nimesimama Buguruni nasubiri gari, baiskeli yangu nimeikunja vizuri, iko miguuni pangu, simsumbui mtu. Kajitokeza kijana, miwani ya kuchomelea kaipandisha kwenye paji la uso. Sikumwita. Kainama, kaishika pale katikati ya fremu, kaitikisa taratibu, kisha kanipa pole. Pole kabisa, ile ya msibani. "Mzee wangu, pole sana. Lete hapo ndani, elfu tano tu, hutaisikia tena."

Haijakatika! Imekunjwa! Ndivyo ilivyoumbwa! Nimeinunua kwa sababu hiyo hiyo!

Nauli mnaijua, sina haja ya kueleza. Foleni mnaijua. Mimi kinachonimaliza ni kile kipande cha mwisho, kutoka ninaposhushwa mpaka kazini. Ukikitembea kwa jua hili unafika umelowa hadi soksi; ukipanda boda ni buku asubuhi, buku jioni, na mwezi ndio kwanza uko katikati. Nikakaa nikapiga hesabu: baiskeli ya kukunja. Unaikunja, unapanda nayo gari, unashuka, unaikunjua, unakanyaga, unaingia ofisini mkavu na heshima zako zote. Mbona London watu wazima na suti zao wanapanda nazo treni? Kule kuna zile za Brompton, bei ya moja mpya huku kwetu unachukua pikipiki. Mimi sikutaka Brompton. Nilitaka yenye bawaba.

Nikaipata kwenye yadi moja Ilala, wanakofungua makontena ya Japani. Ilikuwa imelaliwa na kabati la vyombo. Kijani iliyochoka, magurudumu madogo, na kwenye fremu kibandiko kina maandishi ya Kijapani na namba. Kule kila baiskeli inasajiliwa, tangu 1994 ni lazima kisheria, ikiibwa polisi wajue ya nani. Yaani chuma cha mtumba kimevuka bahari na kitambulisho chake, na mimi mwenye nchi nina namba tu, kadi naisubiri.

Muuzaji alianza na laki, tukaenda tukirudi, ikafia elfu sitini na tano. "Hii ni Japani yenyewe, mzee," akaniambia huku anahesabu, "inadai upepo tu."

Upepo tu. Tairi la nyuma limepasuka ubavuni, tyubu imechungulia nje. Bomba la siti limegandia ndani ya fremu. Cheni imeshikana. Gia ni sita kwa maandishi, inayoingia ni moja. Vipira vya breki vimekuwa mawe. Kilichokuwa kizima ni kengele, na niseme ukweli, ilikuwa kengele nzuri. Nikarudi nyumbani naisukuma, naipiga.

Cheni niliiloweka kwenye mafuta ya taa, ndani ya beseni ambalo nilidhani halina kazi. Hilo tuliache, ndani ya nyumba limekwisha zungumzwa. Kutu ya usukani nilitoa kwa ile karatasi ya fedha iliyofungiwa kuku: ichovye kwenye maji, sugua, unaanza kujiona uso. Hiyo nawapa bure. Bomba la siti nililimiminia oili, nikaipindua fremu miguu juu ikalala hivyo, na lilipokubali kutoka ikaonekana sasa linapwaya, ikabidi livishwe ganda la kopo la soda ndipo likatulia. Nikafungua habu ya gurudumu la nyuma. Grisi imekauka mpaka imekuwa ugoro. Gololi zinatakiwa kuwa tisa kila upande. Upande wa cheni nikakuta saba. Hizo mbili zilizobaki Japani nimdai nani? Nikaziosha zilizopo, nikazianika kwenye kitambaa, nikaingia ndani kunywa maji. Kutoka, watoto wa jirani wanazichezea.

Ikabaki bawaba. Pini yake imeliwa, ukikaa tu fremu inalia, usukani unataka Tabata, siti inataka Vingunguti. Nikaipeleka kwa fundi wetu wa chini ya mwarobaini, mtu mzima, baiskeli za Foniksi zote za mtaa zimepita mkononi mwake, na pembeni yake pana wazee wa drafti ambao hawajawahi kuondoka pale tangu nihamie.

Akaizunguka. "Hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi, mzee wangu."

"Na nini?"

"Na mkoba."

Akayapima magurudumu kwa macho. "Gunia halikai hapa."

"Hakuna gunia."

"Mkaa?"

"Hakuna mkaa, mzee wangu. Naendea kazini."

"Sawa. Basi hapa tunapiga welding, chini tunapitisha bomba la kuisaidia, inakuwa fremu."

Nikatoa ile sauti yangu ya kikao cha wazazi. Nikamweleza kwamba hiki ni chombo cha usafiri wa kuunganisha, kwamba thamani yake yote iko kwenye kukunjika, kwamba ninachoomba ni pini mpya na bushi zake, basi.

"Kwa hiyo unataka ivunjike."

"Ikunjike."

"Mtu akiwa juu?"

"Mtu akiwa ameshuka!"

Wazee wa drafti wameshaacha kete. Nikaona maneno hayatoshi, nikafungua komeo, nikashika siti, nikashika usukani, nikavuta. Haikutikisika.

"Imegoma," mzee mmoja akatoa taarifa kwa wenzake.

Nikaisaidia kwa goti. Ikakubali yote kwa mpigo, na kidole changu ndani. Mtu mzima akibanwa kidole hadharani hana ruhusa ya kupiga kelele, anatabasamu. Nikatabasamu. Nadhani nilitabasamu muda mrefu kidogo, maana mmoja aliniuliza kama nataka kiti.

"Haya," fundi akasema, "imekunjika. Sasa inaendaje?"

"Ikiwa hivi haiendi."

"Haiendi."

"Haiendi. Inabebwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Bwana mkubwa. Mimi nimeanza kushika spana vita vya Kagera bado. Baiskeli zote nilizotengeneza zilikuwa zinabeba mtu. Sasa hii mtu ndiye anayeibeba, na nauli analipa."

Kabla sijajibu, mzee mwingine wa drafti, mpole, ambaye siku zote hata salamu huitikia kwa kichwa, akaingilia kati. "Muacheni. Mnamlazimisha mwenzenu aseme mbele za watu. Huyo kaambiwa na daktari."

"Kaambiwa nini?"

"Sukari. Wakishakupima, wanakwambia utafute baiskeli."

"Sina sukari!"

"Wote huanza hivyo."

Basi drafti ikafa kabisa. Mmoja ana shemeji yake Kibaha, aliacha sembe akahamia dona, sasa anapanda ngazi. Mwingine akasema dona si kitu, mlonge. Wa tatu akaniuliza, kwa sauti ya kufika mpaka dukani, usiku naamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Mtu ameulizwa na mzee, utafanyaje? Nikajibu: mara moja, siku nyingine mbili. Wakatazamana. Hakuna aliyesema neno, ila yule mpole alitikisa kichwa kwa namna ambayo hata mimi nilianza kuwa na wasiwasi.

Fundi akaniwekea mkono begani. "Kwa hali hiyo sikuumizi. Nitakuchomelea kwa elfu tatu."

"Mzee wangu, nimesema isichomelewe! Isichomelewe! Nitaongea lugha gani?"

"Na hasira," akasema yule wa Kibaha. "Ikipanda huwa wakali. Shemeji yangu alimrushia mtu kikombe."

Nikabeba baiskeli yangu nikaondoka. Ndiyo, nikaibeba, nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Mnaona? Kaibeba."

Pini nilikuja kukerezewa na fundi mmoja wa eneo la Gerezani, na bushi zake mbili, elfu nane, kazi safi kabisa. Ananikabidhi, ananiuliza kama aipige nukta mbili tu za welding isije ikatoka.

Halafu tairi. Kwenye tairi langu la zamani imeandikwa ishirini kwa moja na tatu ya nane. Nikaenda Kariakoo, kijana akanishushia ishirini kwa moja nukta saba tano, la baiskeli za watoto. Nikamwambia, mdogo wangu, hili siyo. "Mzee, ishirini ni ishirini." Nikamwonyesha namba ndogo ubavuni: langu mwisho 451, lake 406, hizo ni milimita za pale linapokaa kwenye rimu, tofauti ni sentimita nne na nusu. Akasema mpira unavutika. Akaitana na mwenzake, wakakanyaga rimu mmoja huku mwingine huku, bisibisi tatu, jasho, bismillah, na mimi nimeshika mkoba wa mtu nisiyemjua. Halikuvutika. Wakaniambia rimu yangu ndiyo imetanuka. Kwa sababu ya jua. Nikarudi kwa yule wa yadi, alikuwa nalo moja, kuukuu lakini zima, akakataa kuliuza bila rimu yake. Kwa hiyo nyumbani sasa nina rimu moja ya ziada, tunaanikia vitambaa.

Lakini inaenda! Wallahi, inaenda. Kuna ule mteremko mdogo kabla ya kazini, asubuhi, mkavu, napiga kengele yangu. Boda wananiita mzee wa sarakasi kwa ajili ya magoti yanavyopanda, nawapungia mkono, buku yangu iko mfukoni.

Iko mfukoni mpaka nikutane na konda. Isipokunjwa haipandi, ikikunjwa ni mzigo, na mzigo unalipa nauli ya mtu mzima. Nilimwambia basi angalau itoe ya mwanafunzi, maana ni ndogo. Akauliza kitambulisho. Nikamwonyesha kibandiko cha Japani, gari zima likacheka, nauli nikalipa vile vile. Na yule mama niliyempaka grisi kwenye kitenge, popote alipo, naomba radhi tena, ila na yeye alichonitamkia kilizidi.

Lakini haya yote ningeyavumilia. Kinachonitesa ni sukari. Jioni ile ile ya fundi, hodi mlangoni, jirani kaleta unga wa mlonge kwenye chupa ya jemu, asubuhi kijiko, jioni kijiko. Kesho yake mwingine kaja na majani ya mwarobaini. Mwenyekiti wa mtaa kanisimamisha kunipa pole, kanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaingia ndani, nikamwambia mama watoto: mke wangu, wewe ndiye unayenijua, waambie watu. Akasema, "Najua huumwi. Lakini watu wameshaleta mlonge, tutawaambiaje?" Na kuanzia hapo chai yangu haiwekwi sukari. Ugonjwa haumo akilini mwake hata kidogo. Ile bei ya mwaka 2024 bado hajaisamehe, na ameona kilo sasa inafika mbali. Mlonge wenyewe ananikorogea, anasimama mlangoni mpaka nimalize.

Kwa hiyo siku hizi chai nainywea kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi, vijiko vitatu, mgongo nimeupa barabara, maana mtaani kwetu kuna mtu anafanya kazi jirani hapo na mdomo wake mnaujua. Hata pale sasa hakuna raha. Andazi, mia mbili, limetuna vizuri, unalishika unasema leo leo, unauma meno yanakutana. Ndani hakuna kitu. Nikamuuliza, mama, andazi limekuwaje? Anasema unga umepanda, nikitaka la kushibisha ninunue mawili. Sasa mama, mawili matupu ndiyo yanakuwa nini? Akaniambia nisipaze sauti, amesikia hali yangu.