Mwalimu wa kitongojini na mtoto wa Kimusahar

Lawama nzito zaidi dhidi ya vikundi vidogo vinavyosomesha watoto wa Wadalit nchini India, jamii zilizowekwa chini kabisa ya ngazi ya matabaka ya Kihindu, haitoki kwa watu wa matabaka ya juu. Inatoka kwa Wadalit wasomi wenyewe. Katiba, wanasema, ilifuta kwa kifungu cha 17 desturi ya kuwatenga watu kama najisi kwa sababu ya tabaka, na sheria ya 2009 ikafanya elimu ya miaka 6 hadi 14 kuwa ya bure na ya lazima. Iweje basi mtoto asubiri huruma ya mfadhili? Mdai amegeuzwa mwombaji.

Wanamtaja Ambedkar, Mdalit aliyeongoza uandishi wa katiba hiyo, na hawakosei. Utotoni alikalia gunia alilokuja nalo kutoka nyumbani, na bomba la shule hakuruhusiwa kuligusa. Tarishi asipokuwepo wa kumfungulia, siku hiyo hapati maji. Mwaka 1917, akiwa ameshasoma New York na London, alirudi kufanya kazi Baroda, eneo la India lililotawaliwa na maharaja (mfalme) wake, akafukuzwa kwenye nyumba ya wageni kwa sababu ya tabaka lake. Elimu haikumpatia hata chumba cha kulala.

Ila nauli na ada ya New York zilitoka wapi? Mwaka 1913 Maharaja wa Baroda ndiye aliyemlipia. Na chama alichokianzisha Ambedkar mwenyewe mwaka 1924 kilifungua bweni la wanafunzi kule Sholapur. Yeye alidai haki mchana na kutafuta magodoro ya watoto jioni.

Wakosoaji wengi, kwa maoni yangu, wanaongea kana kwamba shule ikishakuwa bure mlango umefunguka. Tazama Wamusahar wa Bihar, jimbo la kaskazini mwa India, walio chini hata miongoni mwa Wadalit. Sensa ya 2001 ilikuta kama 9 tu kati ya kila 100 wanaojua kusoma. Tisa! Nimeshindwa kuiacha namba hiyo. Maana yake mtoto anarudi na daftari kwenye nyumba ambayo hakuna wa kulifungua, na pengine nyumba ya jirani ni hivyo hivyo. Barua ya mwalimu mkuu haisomeki, fomu ya mtihani haijazwi. Msimu wa tanuri za matofali ukifika familia nzima inahama, na hakuna anayejua jina la mtoto linabakije kwenye rejista. Sheria ya elimu bure ilimfikiria mzazi anayesoma, na mzazi huyo hapa hayupo.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na tuisheni ya chini ya mti. Sudha Varghese, mtawa kutoka Kerala, alihamia kuishi na Wamusahar, akaanzisha shirika la Nari Gunjan na bweni la wasichana huko Danapur, karibu na Patna, mji mkuu wa Bihar. Wanasoma, na wanafundishwa karate. Ukijua msichana wa Kimusahar hukutana na nini njiani, karate haitakushangaza.

Nakubali kwamba mabweni huchukua wachache, na kwamba picha ya mtoto mmoja aliyefaulu husafiri kwa wafadhili huku nduguze wakibaki tanurini. Hilo linauma. Lakini dawa iliyoletwa na serikali kuu ya India haikugusa picha hizo. Marekebisho ya 2020 ya sheria ya fedha ambazo mashirika hupokea kutoka nje ya nchi yalizuia shirika moja kuligawia jingine fedha hizo. Shirika kubwa lenye ofisi na mhasibu linaendelea. Kikundi cha walimu watatu kilichokuwa kikipokea kupitia kwake kinatakiwa kiwe na kibali chake, na ili kukipata kioneshe kimetumia rupia 1,500,000 ndani ya miaka 3. Zitoke wapi?

Serikali ya Bihar, kwa upande wake, imekuwa ikiajiri watu wa jamii hizo hizo, wakiitwa tola sevak, yaani watumishi wa kitongoji. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba asubuhi, kuwakusanya watoto na kuwafikisha shuleni.