Uwanda wa Semliki: kabla ya mfereji, lichimbwe shimo

Kila kiangazi kinapokaza wilayani Ntoroko, magharibi mwa Uganda, hoja ileile hurudi. Uwanda wa Semliki ni tambarare, mto upo, na vijito kutoka Rwenzori havijakauka. Kwa nini watu wa Rwebisengo waendelee kutegemea ng'ombe peke yake na kununua mahindi yanayoteremshwa kutoka juu? Waletewe pampu, mifereji ichimbwe, walime mpunga na vitunguu. Upande wa pili hujibu kwamba nchi ile ni ya malisho tangu enzi za mababu wa Batuku, jamii ya wafugaji wa hapo, na anayetaka kulima aende Bundibugyo kwenye mvua na kakao. Ubishi huu unafika hata gatini Kanara, ambako wavuvi, wafugaji na wachuuzi kutoka Congo huelewana kwa Kiswahili. Pande zote zina hoja nzito. Kinachonisumbua ni kwamba zinabishana juu ya maji na desturi, huku jambo litakaloamua likiwa chini ya miguu yao: sodiamu iliyomo udongoni.

Uwanda huu ni sakafu ya ziwa la kale. Mamilioni ya miaka iliyopita bonde la ufa la magharibi lilifunikwa na ziwa kubwa ambalo wanajiolojia huliita Obweruka, kabla Rwenzori haijainuka na kuligawa. Baadaye maziwa tunayoyajua leo, Albert, Edward na George, yalipanda na kushuka mara nyingi, na kila yaliposhuka yaliacha ngazi ya ardhi: mchanga palipokuwa ufuko, mfinyanzi mzito palipokuwa maji yametulia. Ngazi hizo zipo Ntoroko, zipo Buliisa, zipo pia Kasese tambarare. Si zote zenye sodiamu nyingi. Unaweza kusimama kwenye mchanga usio na tatizo lolote, ukatembea hatua chache ukakanyaga ardhi isiyootesha hata magugu.

Sodiamu ilijikusanyaje? Rwenzori na kingo za bonde huzuia mvua, na sehemu kubwa ya uwanda hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, huku jua likivuta maji mengi kuliko yanayoanguka. Maji ya chini yanapopanda na kukauka, kalsiamu ndiyo hutangulia kuganda. Inageuka chokaa na kubaki ardhini kama vijiwe vyeupe. Sodiamu haigandi mapema hivyo. Inabaki ndani ya maji pamoja na kabonati, na mwisho unapata kile ambacho kila jiko la Afrika Mashariki linakifahamu: magadi. Upande wa Kasese kuna nyongeza, kwa sababu majivu ya volkeno za Katwe na Kikorongo yalimwagika juu ya mashapo ya ziwa yakiwa tayari yamebeba sodiamu na potasiamu.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chumvi ni jambo moja, sodiamu iliyonata kwenye mfinyanzi ni jambo jingine. Kibiro, ufukoni mwa Ziwa Albert, wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa karne nyingi: hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi iliyolowa maji ya chemchemi za moto, chumvi hupanda na kunata kwenye ule udongo, wanaukwangua, wanauchuja kwa maji, wanachemsha. Chumvi ya aina hiyo huonekana kwa macho na huonjwa kwa ulimi. Tena ardhi yenye chumvi nyingi huwa tifutifu, kwa sababu chumvi hufanya chembe za mfinyanzi zishikamane. Sodiamu iliyonata haionekani wala haionjwi. Inaweza kuwepo kwa wingi mahali ambapo hakuna hata chembe nyeupe juu ya ardhi.

Kazi yake ni kulegeza mfinyanzi. Kalsiamu huzibana chembe pamoja, sodiamu huziachanisha. Mvua ikinyesha, chembe zinatawanyika, zinaelea, kisha zinaziba vitundu ambavyo maji na hewa vilikuwa vikipitia. Juu panatuama dimbwi, ilhali sentimita 30 chini ni pakavu kabisa. Jua likiwaka, juu panaganda gamba gumu ambalo chipukizi la maharage haliwezi kulipasua. pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, hupita 8.5, mahali pengine hata 10, na hapo zinki na chuma hukwama, mmea usiweze kuvichukua. Hata mboji huyeyuka kwenye magadi na kuacha madoa meusi juu ya ardhi, na mgeni akiyaona anadhani amekuta rutuba.

Usiniamini kwa maneno. Chimba shimo la kina cha mkono. Ukikuta mfinyanzi umesimama katika nguzo ngumu, vichwa vyake vya mviringo vimebanana kama mikate iliyopangwa ubavu kwa ubavu, na unga mweupe juu yake, umefika kwenye udongo wa sodiamu. Chini zaidi utaokota vile vijiwe vya chokaa. Kamulia ndimu, vitatoa povu. Kisha chukua kidonge cha udongo mkavu, ukubwa wa punje ya hindi, ukitumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua na usiitikise. Iache kwa saa chache. Kikizungukwa na ukungu wa rangi ya maziwa, mfinyanzi unatawanyika, na sodiamu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kikivunjika vipande lakini maji yakabaki safi, tatizo ni jingine. Tahadhari moja tu: udongo wenye chumvi nyingi utaacha maji safi na kukudanganya, mpaka chumvi ioshwe.

Sasa turudi kwenye hoja za wanaotaka mifereji. Ushahidi wao mkubwa ni Mubuku, Kasese, mradi wa umwagiliaji ulioanza miaka ya 1960 ambao hadi leo wakulima wake wanavuna mbegu za mahindi, mpunga na vitunguu kwa maji ya Sebwe na Mubuku. Ni ushahidi wa kweli na nauheshimu. Bonde hili, kwa mvua yake haba, limeonyesha kwamba maji yakifika, chakula kinapatikana. Lakini Mubuku imekaa juu ya mashapo yaliyoletwa na mito ya mlimani, mchanga na kokoto zikiwemo, na maji yakimwagwa pale yanashuka chini. Kuchukua matokeo ya pale na kuyahamishia kwenye mfinyanzi wa ziwa ni kulinganisha ardhi mbili ambazo zinafanana kwa jua tu.

Kuna jambo la maji yenyewe, na hapa naona hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Maji ya Rwenzori ni laini mno. Hayana madini ya kutosha. Kwa kunywa ni neema. Kwenye udongo wa sodiamu ni balaa, kwa sababu yanaosha ile chumvi kidogo iliyokuwa ikizishikilia chembe, na mfinyanzi unatawanyika papo hapo. Mkulima anaona maji safi na kutarajia ardhi itasafika. Maji ya Semliki yana shida kinyume chake. Mto huu unatoka Ziwa Edward, ambalo pH yake hukaribia 9 na maji yake yamejaa bikabonati na sodiamu. Vijito vya mlimani huyapunguza makali njiani, lakini ukiyapampu shambani kila msimu na jua likayakausha, unaendeleza kazi ileile iliyofanywa na ziwa la kale.

Ndiyo maana siridhiki na kipimo kinachonakiliwa vitabuni. Mwaka 1954 maabara ya chumvi ya Marekani iliweka mpaka: udongo ni wa sodiamu ikiwa sodiamu imeshika asilimia 15 ya nafasi zote za kubeba madini kwenye mfinyanzi. Waaustralia, ambao mvua yao ni laini na mfinyanzi wao ni wa kale, waliona madhara yanaanza mapema na wakashusha mpaka hadi 6. Sisi tunaokusudia kumwagilia kwa maji laini ya mlimani tuna sababu zote za kuwafuata Waaustralia. Ardhi yenye asilimia 10 itapita mtihani wa kwanza ikiwa kwenye karatasi, na kuziba ikiwa shambani.

Wenye matumaini watasema udongo huu hutibika, na ni kweli. India imerudisha ardhi kubwa ya namna hii kwenye kilimo, ikiongozwa na taasisi ya Karnal iliyoanzishwa mwaka 1969. Dawa yao kuu ni jasi, jiwe laini lenye kalsiamu, kwa kawaida tani 10 hadi 15 kwa hekta, yaani tani 4 hadi 6 kwa ekari. Kalsiamu ya jasi inaing'oa sodiamu, kisha maji mengi yanaisukuma chini hadi nje ya mizizi, na mpunga ndio huanza kupandwa kwa kuwa unavumilia. Jasi inapatikana kwetu. Kibuku, palepale bondeni, inajulikana kwa jasi yake. Hoja hii ina uzito kuliko wapinzani wanavyokubali.

Ila tusiisome nusu. Bila njia ya kuitoa ile sodiamu iliyong'olewa, jasi haina faida, na uwanda ulio tambarare namna ile hautoi maji kirahisi. Mifereji ya kutolea maji hugharimu fedha na hukatwa kwanza bajeti inapobana. Vilevile ofisa kilimo aliyezoea udongo wenye asidi wa Buganda au Kigezi asije akapendekeza chokaa ya Hima au Muhokya: chokaa karibu haiyeyuki kabisa pH ikipita 8, na udongo wenyewe umejaa chokaa tayari. Wako wanaofikiria pairiti, madini ya chuma na salfa, iliyorundikwa na mgodi wa shaba wa Kilembe, kwa kuwa ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya kuyeyusha ile chokaa ya udongoni. Kikemia wanasema kweli. Lakini pairiti ile ina shaba na kobalti, na maji yaliyotiririka kutoka kwenye marundo yake yaliua majani kwenye sehemu ya mbuga ya Queen Elizabeth. Nisingependa kuiona shambani kwa mtu.

Na wafugaji? Wana haki kusema kwamba nyasi fupi za ardhi ya magadi zinawafaa ng'ombe, ambao hutafuta chumvi hata kwa kulamba udongo. Malisho hayahitaji kugeuza chochote ardhini. Lakini malisho nayo yanaweza kuiua ardhi hii. Kundi likizidi, nyasi zikatafunwa hadi shina, tone la mvua linagonga mfinyanzi ulio wazi, gamba linaganda, na kipara kinaanza kupanuka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020, maziwa yalipofurika na kumeza malisho ya kando ya maji, mifugo ilibanana zaidi kwenye ngazi za juu. Anayesema "tuiache kama ilivyo" anapaswa kueleza ni ng'ombe wangapi na kwa mzunguko gani wa malisho.

Msimamo wangu unaegemea malisho kwenye mfinyanzi wa ziwa, na mashamba kwenye mchanga na kingo za vijito. Katikati kuna kitu ambacho sioni kikipewa nafasi: kumwagilia nyasi za kulisha mifugo. Nyasi ya Rhodes huvumilia sodiamu kuliko mahindi au maharage, mizizi yake hufungua udongo, na maziwa ya ng'ombe ya kiangazi yana soko. Ukianza na nyasi, ukaongeza jasi na samadi kidogo kidogo mahali pa majaribio, utajua baada ya misimu kadhaa kama mpunga unastahili kufuata.

Kwa mradi wowote mkubwa, ninadai mambo matatu kabla ya greda kufika. Mashimo ya mita moja na nusu yachimbwe kwenye kila aina ya udongo, si sampuli za kiganja kutoka juu. Sampuli zipelekwe kwenye maabara za Kawanda au Chuo Kikuu cha Makerere zipimwe sodiamu iliyonata, pH na chumvi kwa kila tabaka, na maji ya umwagiliaji yapimwe kiangazi na masika. Kisha majibu yatundikwe ukutani kwenye ofisi ya kaunti ndogo, kwa ramani inayoonyesha ni ekari zipi zimepita na zipi zimeshindwa, ili mwenye ng'ombe na mwenye jembe wasome kitu kimoja kabla hata mita moja ya mfereji haijachimbwa.