Nani Yumo Ndani ya Mkataba? Mazungumzo ya Mishahara katika Viwanda vya Magari

Mkataba uliokamilishwa mwezi Novemba mwaka 2023 kati ya chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, na kampuni za Ford, General Motors na Stellantis hukumbukwa zaidi kwa tarakimu moja, nyongeza ya mshahara ya asilimia 25. Tarakimu hiyo ni sahihi, tena ni kubwa, lakini kwa maoni yangu si hiyo inayopaswa kutushughulisha sisi tunaofuatilia mambo ya leba kutoka hapa Nakuru. Ndani ya mkataba huo mna kipengele kingine ambacho hakikupigiwa debe sana, kile kilichoamua ni nani atahesabiwa kuwa mfanyakazi kamili na ni nani ataendelea kufanya kazi ileile kwa malipo ya chini. Swali hilo ndilo linalokumba meza za majadiliano katika viwanda, mashamba ya maua na kampuni za uchukuzi za Bonde la Ufa, na mara nyingi huachwa hadi mwisho, wakati pande zote mbili zimekwisha kuchoka.

Kisa chake kilianza mwaka 2007. Kampuni hizo tatu, zinazoitwa za Detroit kwa jina la mji wa viwanda vya magari, zilikuwa zikipata hasara na kulemewa na gharama za matibabu ya wastaafu, na UAW ikakubali mishahara ya ngazi mbili: waliokuwa kazini wangebaki na malipo yao, nao wapya wangeanza kwa takriban nusu ya malipo hayo, bila pensheni ya aina waliyokuwa nayo wenzao. Mwaka 2009 General Motors na Chrysler, ambayo sasa iko chini ya Stellantis, zilifilisika, serikali ya Marekani ikaziokoa, na wafanyakazi wakaachilia pia kipengele kilichokuwa kikipandisha mshahara kila gharama ya maisha ilipopanda. Hoja waliyopewa ilikuwa kwamba kampuni ikizama, wote watazama nayo. Kampuni hazikuzama. Zilirudi kupata faida ya mabilioni ya dola, ilhali mfumo wa ngazi ulidumu kwa zaidi ya miaka 15 tangu ulipokubaliwa.

Mtu akitaka kuelewa uchungu wa mpango huo, na awafikirie wafanyakazi wawili waliosimama pande mbili za gari moja linalosogea kwenye laini, mmoja akifunga mlango wa kulia na mwenzake wa kushoto, kwa vifaa vilevile na kwa mwendo uleule ambao hakuna kati yao anayeuamua. Mmoja amefika kwenye kilele cha mshahara na ana pensheni. Mwingine anahitaji miaka minane kukifikia kilele hicho, na kama aliingia akiwa mfanyakazi wa muda, huenda miaka hiyo minane haijaanza hata kuhesabiwa. Hapo chama chenyewe kinadhoofika, kwa sababu mwanachama anayelipa ada sawa na jirani yake lakini akapata nusu ya manufaa ataanza kujiuliza chama ni cha nani.

Mgomo ulioanza tarehe 15 Septemba 2023 ulikuwa wa kwanza wa UAW dhidi ya kampuni zote tatu kwa wakati mmoja. Shawn Fain, rais wa chama aliyechaguliwa mwaka huohuo kwa kura za wanachama wenyewe, hakuwatoa watu wote kazini siku moja. Alianza na kiwanda kimoja cha kila kampuni, huko Wayne, Wentzville na Toledo, kisha akawa anaongeza vingine kadiri mazungumzo yalivyokwama, waajiri wasijue ni kipi kitakachofuata. Baada ya wiki sita hivi makubaliano ya awali yalikuwa yamepatikana na kampuni zote. Chama kilikuwa kimeomba asilimia 40. Kilipata 25 zilizogawanywa hadi Aprili 2028. Nyongeza ya gharama ya maisha ilirudishwa. Safari ya kufika kilele cha mshahara ilifupishwa kutoka miaka minane hadi mitatu, na wafanyakazi wa muda wakafunguliwa njia ya kuandikwa kazi ya kudumu. Chama kilisema kwamba huko Ford baadhi ya waliokuwa wakilipwa kidogo zaidi wangeona mishahara yao ikipanda kwa zaidi ya asilimia 150 katika kipindi cha mkataba. Pensheni ya zamani kwa walioajiriwa tangu 2007 haikurudi, na ni haki hilo lisemwe, kwa kuwa wapo wanaousimulia mkataba huu kana kwamba wafanyakazi walipata kila kitu.

Waajiri nao walikuwa na hoja nzito. Ford ilikadiria kwamba mkataba ungeigharimu dola bilioni 8.8, na kwamba kufikia mwaka 2028 kila gari lingebeba takriban dola 900 zaidi za gharama ya kazi. General Motors ilitaja dola bilioni 9.3. Kampuni hizi zinashindana na Tesla, ambayo viwanda vyake vya Marekani havina chama, na vilevile na Toyota, Honda na Hyundai ambazo zimejenga nchini humo bila kuwa chini ya mkataba wa UAW. Isitoshe, zilikuwa zinatumia fedha nyingi kuhamia magari ya umeme ambayo bado hayakuwa yakizilipa. Mwajiri anayesema kwamba hawezi kuuza gari kwa bei atakayo kwa sababu jirani anauza kwa bei ya chini hatoi kisingizio tu. Anaeleza jinsi soko lilivyo.

Hata hivyo, hoja hiyo ilipata pigo kutoka kwa waajiri wenyewe. Mwezi huohuo mkataba ulipopitishwa, General Motors ilitangaza kwamba ingenunua tena hisa zake zenye thamani ya dola bilioni 10, yaani fedha za kuwaendea wenye hisa, kiasi kinachozidi gharama nzima iliyodai kuletewa na mkataba. Nao washindani wasio na chama hawakukaa kimya: Honda ilitangaza nyongeza ya asilimia 11, na Hyundai asilimia 25 kufikia mwaka 2028. Nyongeza iliyopatikana kwa mgomo wa Detroit ilipunguza pengo ambalo waajiri walikuwa wakililalamikia, kwa kuwapandisha pia wale ambao hawakuwa mezani. Kwa hiyo mimi naegemea upande wa chama katika suala hili la ngazi, huku nikikubali kwamba kuna sehemu moja ambako waajiri wako karibu zaidi na ukweli.

Sehemu hiyo ni wingi wa kazi. Mkataba hulinda mshahara wa mtu aliye kazini. Haulazimishi wateja kununua magari. Stellantis ilikuwa imesimamisha kiwanda chake cha Belvidere, Illinois, mapema mwaka 2023, na katika mkataba ikaahidi kukifungua tena. Mwaka uliofuata mauzo yakashuka, ikapunguza wafanyakazi kwingineko na ikaahirisha mpango wa Belvidere. Chama kikatishia kugoma kwa misingi ya ahadi ile. Kampuni ikaenda mahakamani ikisema mkataba hauruhusu mgomo wa namna hiyo. Mkurugenzi Mkuu Carlos Tavares alijiuzulu Desemba 2024, na mwezi Januari 2025 kampuni ikaahidi upya kukifungua kiwanda hicho mwaka 2027. Bila kipengele kile cha ahadi ya kukifungua tena kiwanda, wafanyakazi wa Belvidere wangekuwa na nini cha kushika? Asilimia 25 ya mshahara ambao haupo si kitu.

Watu wa Nakuru hawahitaji kupelekwa Illinois ili kulijua hilo. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifanya kazi mjini humu tangu mwaka 1967 hadi kilipofungwa mwaka 2014, kampuni ikieleza kwamba ushindani wa betri za bei nafuu kutoka nje ulikuwa umeifanya kazi ya kuzitengeneza hapa isilipe. Iliendelea kuuza betri, ila zilizotengenezwa kwingine. Tangu hapo, mwajiri wa eneo hili akisema mezani kwamba gharama zikizidi atafunga, maneno yake husikika tofauti na yanavyosikika mahali ambako hakuna kiwanda kilichowahi kufungwa. Vyama hukosea vinapoyachukulia maneno hayo kuwa vitisho tu. Waajiri nao hukosea wanapoyatumia kila mwaka, hata katika miaka ya faida, hadi yakakosa uzito siku yanapokuwa kweli.

Katika sekta ya magari nchini Kenya tatizo hilo ni kubwa zaidi kuliko Marekani. Tuna viwanda vitatu vikubwa vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970: Kenya Vehicle Manufacturers mjini Thika, Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa, na kile cha Nairobi kilichokuwa cha General Motors hadi mwaka 2017, ambacho sasa ni Isuzu East Africa. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika, hasa kutoka Japani, yalichukua nafasi kubwa, na viwanda vikabaki vikitegemea zaidi malori, mabasi na magari ya kazi. Malori hayo ndiyo tunayoyaona yakishuka kutoka Molo yakiwa yamejaa viazi. Idadi inayoagizwa hubadilika kwa kufuata zabuni za serikali na riba za benki, kwa maana mwenye matatu au lori hununua kwa mkopo. Mwajiri wa namna hiyo anapodai nafasi ya kupunguza na kuongeza watu kulingana na oda, ana sababu ya msingi ambayo chama hakiwezi kuipuuza.

Chama kinachowasemea wafanyakazi hao ni Amalgamated Union of Kenya Metal Workers, ambacho Rose Omamo alipanda kutoka kazi ya ufundi katika kiwanda cha magari hadi kuwa Katibu Mkuu wake. Kisheria hakikosi silaha. Kifungu cha 41 cha Katiba kinatambua haki ya kujiunga na chama, ya kujadiliana kwa pamoja na ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, katika sehemu ya 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, atachukuliwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi.

Ukisoma hayo utadhani suala la ngazi lilikwisha kutatuliwa nchini mwetu miaka mingi iliyopita. Lakini simama kwenye lango la kiwanda chochote kinachotegemea vibarua kabla ya saa moja asubuhi. Watu wamejipanga, vitambulisho mkononi, wakimsubiri msimamizi aite majina. Aliyeitwa jana anaweza asiitwe leo. Wengine wako kwenye mikataba ya miezi mitatu inayokatwa kabla haijatimia, kisha inaandikwa upya. Wengine wameajiriwa na wakala na si kiwanda, kwa hiyo katika hesabu ya zaidi ya nusu inayohitajika ili chama kitambuliwe hawamo kabisa. Ndiyo maana nasema swali la nani yumo litangulie lile la asilimia. Nyongeza ya asilimia kumi kwa waliomo, bila kugusa walio nje, humpa mwajiri sababu zaidi ya kuwabakiza hao wengine nje.

Suluhisho ninaloliona si kukataza vibarua. Kiwanda kilichopata oda ya mabasi ya miezi minne kinahitaji mikono ya miezi minne. Kinachowezekana ni mkataba kuweka kiwango cha juu cha wafanyakazi wa muda, kuwalipa kwa saa sawa na anayeanza kazi ya kudumu, na kuwapa nafasi ya kwanza ajira ya kudumu inapotokea. Mwajiri atabaki na uwezo wa kupunguza watu oda zikiisha, ila hatakuwa na faida ya kumweka mtu kibarua kwa miaka mitano.

Jambo la pili ambalo pande zote hulipita haraka mno ni vitabu vya hesabu. Sehemu ya 57 ya Sheria ya Mahusiano ya Leba inamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohitajika ili kijadiliane ipasavyo. Mara nyingi vyama huingia mezani vikiwa na kiwango cha mfumko wa bei pekee, waajiri wakiwa na neno lao tu kwamba hali ni ngumu, na mzozo ukiishia mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba, ambayo inayo makao hapa Nakuru pia, jaji ndiye anayelazimika kuuliza maswali ambayo yangeulizwa miezi mingi kabla. Hati ya malipo ya mfanyakazi inaonyesha kila kitu chake: asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo yamekuwa yakipanda tangu 2023. Mwajiri hulipa sehemu yake ya nyumba na ya NSSF, na hiyo ni gharama halisi ambayo vyama husahau kuitaja. Lakini mfanyakazi ambaye shilingi zake zote ziko wazi ana haki ya kuona angalau kurasa zinazohusu uwezo wa kampuni kumlipa.

Kuhusu muda wa mkataba, waajiri wangependa miaka mingi ili wapange uwekezaji, na ombi hilo lina busara. Vyama vyetu vimezoea miaka miwili kwa hofu kwamba bei za unga na mafuta zitameza nyongeza kabla mkataba haujaisha, na hofu hiyo ina ushahidi. UAW ilikubali zaidi ya miaka minne kwa sababu nyongeza ya gharama ya maisha ilikuwa imerudi ndani ya mkataba. Mwajiri wa Thika, Mombasa au Nakuru anayetaka utulivu wa miaka minne angeweza kuupata kwa bei hiyohiyo, na ningependa kuona chama kimoja nchini kikiliweka pendekezo hilo mezani kabla ya kutoa notisi ya mgomo ya siku saba.