Mapumziko kwa Ratiba ya Mwezi

Atakayeniambia tena kwamba watu huenda hotelini ufukweni kupumzika, naomba kwanza anieleze ni nani hasa anayepumzika, kwa sababu tangu tulipofika Tiwi, ufukweni kusini mwa Mombasa, sijaona mtu mwenye pilikapilika kunizidi, na hapo nawahesabu hata wapishi.

Chanzo cha taabu yangu ni kidimbwi. Si kile cha hoteli, chenye ngazi, vigae na maji yasiyokwenda popote, bali kile kilichomo katika mwamba wa matumbawe, ambacho kimechimbika kwa umbo la bara la Afrika, pamoja na kishimo kidogo pembeni kikawa Madagaska. Familia yangu haikusafiri usiku kucha kutoka Nairobi ili ije kuoga kwenye vigae. Lakini kidimbwi hicho hufunguliwa maji yakikupwa na kufungwa yakijaa, na katika pwani hii, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivi kwamba anayechelewa hakikuti kidimbwi, huikuta Bahari ya Hindi.

Sasa sikilizeni uonevu. Bamvua huja mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, na siku hizo maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Saa nne hiyohiyo ndipo hoteli yetu inapofunga chai ya asubuhi. Mimi niliyelipia mayai, mahamri na mbaazi za nazi nilijikuta nikitafuna huku natembea, ilhali tumbili mmoja, ambaye hakulipa hata ndururu, aliketi mezani pangu akipasua vipakiti vya sukari kimoja baada ya kingine bila haraka yoyote. Huyo ndiye mgeni pekee niliyemwona akipumzika.

Njiani vijana wa ufukweni walijitolea kwa zamu kutuongoza hadi kwenye kidimbwi ambacho tayari tulikuwa tunakiona.

Mama mkwe aliingilia Misri, akaketi maji yakamfika kifuani, akakataa kusogea. Kijana wangu mkubwa alipiga mbizi huko Kongo, na mdogo wake akahamishiwa Madagaska kwa kosa la kumrushia dada yake mchanga. Mama watoto alielea palipokuwa Sudan, macho kafumba. Mimi nilikabidhiwa ukingo wa magharibi, nikiwa nimebeba mataulo, malapa na simu za ukoo mzima, na jua la saa tano halikuwa na huruma na upara wangu. Nilipothubutu kutia mguu mmoja tu pale Senegali, nikakanyaga kile kidudu cheusi cha miiba kinachokaa kwenye nyufa za mwamba.

Bila kutoka Misri, mama mkwe akaamuru litafutwe papai bichi, kwa kuwa maziwa yake hupakwa palipochomwa. Nilichechemea hadi jikoni, nikaambiwa kwa heshima zote kwamba papai lipo, limeiva, limekatwa na kupangwa pamoja na ndimu, na litatolewa wakati wa chakula cha mchana. Papai bichi halimo kwenye menyu. Aliyeniokoa ni mtunza bustani, aliyeniangulia moja nyuma ya chumba cha kufulia, kisha akasimama karibu nami akiisifia hali ya hewa mpaka nilipoelewa kwamba dawa ile nayo ina ya soda yake. Niliporudi ufukweni, Afrika nzima ilikuwa inaanza kuzama na watu wangu walikuwa wananilaumu kwa kukawia na mataulo.

Kesho yake ndiyo iliyonimaliza. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo kidimbwi kilikuwa tayari karibu na saa tano, na chumba kilitakiwa kiachwe saa nne. Nilimweleza dada wa mapokezi kwamba aliyechelewa si mimi, ni mwezi. Akanijibu kwa upole kwamba kwenye kompyuta yake hakuna mahali pa kuandika mwezi, ila saa ya ziada ina malipo.

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kanga yake mbichi, akauliza bamvua nyingine ni lini. Alipoambiwa ni baada ya majuma mawili, akaulizia bei ya vyumba vitatu, na yule dada akaigeuza skrini taratibu kunielekea mimi.